Moyo wa Mbuzi

Njeri wangu,

Huku Gatuanyaga tumeamka salama. Mvua imenyesha kidogo, mjomba wako amepanda maharagwe, na miguu yangu bado inalalamika.

Umeniuliza kama ni utoto kukasirika mkubwa wa maabara anapokutuma chai huku wanaume wakiendelea na vipimo. Nitakujibu kwa mbuzi.

Miaka ya hamsini nilikuwa msichana wa shule hapa karibu, mjini Thika, mwenye haya, niliyependa vitabu kuliko mazungumzo. Shida za wakati ule niziache. Siku moja mwalimu wa sayansi alimpasua mbuzi darasani. Wavulana walizunguka meza wakichora moyo wake. Sisi wasichana tulitumwa nje kuwasha moto, eti mwanamke hapasui mbuzi.

Walipomaliza, mwalimu aliniletea moyo ule ule na kisu kile kile. "Katakata, tia kwenye sufuria."

Nilipoupasua niliona vyumba, na ndani yake nyuzi nyeupe. Nikajikaza nikauliza, "Mwalimu, hizi nyuzi zinafanya kazi gani?"

"Zinachelewesha chakula," akasema. Wavulana wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kazi ya nyuzi zile, kushikilia vali za moyo ili damu isirudi nyuma, niliijua nikiwa tayari bibi, cucu wako, uliponisomea kitabu chako cha kidato cha tatu. Njeri, jibu la swali moja nililingoja karibu maisha yangu yote! Bado nina hasira, na sina mpango wa kuipoza.

Wakikutuma tena, maliza kipimo chako kwanza. Chai ndiyo ingoje.

Cucu wako