Soketi za Gari la Kumleta Mama

Kinyerezi,
Dar es Salaam.
12 Agosti 2025

Mpendwa dada Felicitas,

Shikamoo. Vipi baridi ya Njombe, na kile kifua chako kimetulia? Shemeji Adelard naye mguu umepona? Sie huku wazima, ila mie nimechoka, na wa kumlalamikia nimekuona wewe tu.

Unajua Stanley alinunua ile Hiace yenye kitanda na jiko ndani, ili tumlete Mama kwenye misa ya kwanza ya Kornelio wako. Basi la kawaida haliwezi tena, mgongo unamtaka alale. Gari lenyewe zuri. Lilichokosa ni mahali pa kuchajia vile vifaa vya Mama vya kusikilizia, na njiani tutalala. Vikizima, Mama atakalishwa kiti cha mbele kabisa kanisani na asisikie hata neno moja la mjukuu wake. Nikamwambia mume wangu, weka soketi za USB, yaishe.

Hayakuisha.

Tuliita fundi umeme wa magari, Mfaume, yule wa Tabata. Akaunga waya moja kwa moja kwenye betri ya gari, akaenda zake. Feni ndogo ya Mama ikabaki imechomekwa usiku kucha, ikamaliza betri. Asubuhi ya Jumapili gari kimya! Nimelisukuma na kitenge changu cha kanisani, majirani wanatazama.

Stanley akasema mafundi wote wababaishaji, atafanya mwenyewe. Akaangalia video kwenye simu. Si unamjua, maelekezo hasomagi mpaka mwisho. Akashika drili, akatoboa ubao wa pembeni bila kuchomoa betri wala kuchungulia nyuma yake kuna nini. Kumbe waya wa taa unapita hapo hapo. Cheche, halafu moshi.

Na Mama alikuwa amelala humo ndani, dada. Vifaa vimeisha chaji.

"Mama, toka! Mama!" Tunaita wote wawili, yeye amegeukia ukutani, hana habari. Niliruka ndani nikamkamata mabega nikamvuta. Stanley akakimbilia kung'oa waya wa betri. Mama akanitolea macho, "We Lusungu, mbona unaniburuta kama gunia?" Alipoona moshi ndipo akanishika mkono.

Mie nilikaa chini pale uani nikalia. Stanley kasimama na drili yake ananiambia, "Si umezima lakini?" Nilimjibu maneno ambayo siwezi kumwandikia mama wa padre.

Nikampigia Mfaume mie mwenyewe. Alirudi, nikawasimamia wote wawili. Safari hii kukawa na betri ya pili ya soketi peke yake, fyuzi karibu na betri, na swichi ya kuzimia. Kila skrubu walibishana. Kichwa kiliniuma, nikawa najiuliza hivi ni soketi au wanajenga mtambo wa gesi.

Mwishowe soketi mbili zinafanya kazi, ya tatu imegoma, na kabati langu la vyombo humo garini lina tundu lisilo na kazi. Jana Stanley akaanza tena, eti tuahirishe safari mpaka ya tatu iwake. Mfaume akamuunga mkono! Nilikuwa nishafungua mdomo, Mama akanitangulia. Vifaa vilikuwa vimejaa chaji, alikuwa amesikia yote.

"Stanley, baba," alisema taratibu, "mimi nina masikio mawili tu. Hiyo ya tatu ni ya nani?"

Mfaume akakusanya vifaa vyake. Stanley ameenda kujaza mafuta, na Alhamisi alfajiri tunaondoka.

Msalimie shemeji, mama mdogo Bernadeta, na Kornelio mwambie bibi yake anakuja na asinong'one altareni. Mungu awafunike kwa amani yake, na sie atupitishe salama milima ya Kitonga.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa na hasira,

Lusungu