Makafi Ishirini na Matatu Mstarini

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Nchelenge. Tarehe 14 Juni 1978, saa nne asubuhi.
Jina: Davison Kafula. Umri: miaka 76. Kazi: mwalimu mstaafu. Makazi: Kabuta.

Ninaeleza kwa hiari, kwa Kiswahili nilichosomea ng'ambo ya ziwa. Daktari ameniambia siku zangu ni chache. Sitaki Rodwell abaki na kosa langu nikishazikwa.

Mnamo Agosti 1970, siku ya kumchagua diwani wa kata yetu, nilisimamia kituo cha kura Kabuta. Rodwell alikuwa karani wangu. Wagombea walikuwa Kapembwa, kaka wa mke wangu, na Dorica, mchuuzi wa samaki aliyetaka halmashauri ijenge zahanati kwenye kisiwa cha kata yetu.

Saa mbili asubuhi Sampa, mvuvi wa kisiwani, alileta makafi ishirini na matatu ya akiba ya kuendeshea mitumbwi, akayasimika mchangani kwenye mstari wa wapiga kura. Kwetu, wavuvi wakisubiri wanunuzi, kafi humshikia mwenyewe nafasi. Wenzake walikuwa bado wanatoa nyavu majini, naye akarudi kuwasaidia.

Saa kumi na nusu alasiri niliona mitumbwi yao ikipambana na upepo. Rodwell alikuwa nje. Nikaisogeza mbele saa ya mezani dakika ishirini, ili saa kumi na moja ya kufunga kituo ifike mapema. Walipofika nilikuwa nimefunga mlango.

Sampa alisema, "Ba Mwalimu, wenye makafi njo hawa. Iko mu mustari tangu asubui."

Nikajibu, "Kafi halipigi kura."

Mmoja wao akasema, "Jua ingali juu, saa ya mwalimu imeisha kulala." Walicheka. Sampa hakucheka.

Landrova ya kupeleka sanduku la kura Nchelenge kuhesabiwa haikuja. Alfajiri ya kesho yake ilibidi niombe mtumbwi mkubwa, na mitumbwi mikubwa ilikuwa ya watu wale wale niliowafungia mlango. Sampa alinitazama, kisha akalibeba sanduku mwenyewe, na wenzake wakashika makafi.

Katikati ya safari mawimbi yalianza kuingia. Nilijua watalitupa sanduku, na sikuona wa kuwalaumu. Walitupa nyavu zao. Zote, mmoja baada ya mwingine, bila kubishana. Sampa alilikumbatia sanduku, maji yakimpiga mgongoni.

Nikamwambia, "Kura zenu hazimo humo."

Akasema, "Yetu haimo. Ya batu imo. Toa maji, ba Mwalimu."

Nimesali tangu utoto, lakini kumcha Mungu nilikujua ndani ya mtumbwi ule, nikiteka maji kwa kofia yangu. Hata hivyo nilinyamaza.

Kapembwa alishinda kwa kura tisa. Malalamiko yalipoletwa, nilisema saa ilikuwa mikononi mwa karani. Rodwell alifukuzwa kazi. Zahanati haijajengwa.

Naomba jina la Rodwell lisafishwe. Aliyenileta leo kwa mtumbwi ni Sampa. Yuko nje. Hajui nilichokuja kusema.

Hayo niliyatenda mimi, kwa mkono huu ninaotia sahihi.

(Sahihi) D. Kafula

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali kuwa ni sahihi. Saa ya mezani aliyokuja nayo imepokewa kama kielelezo. Kwa ombi lake nilimwita Sampa, nikamsomea naye. Sampa akamshika shahidi mkono, akamwinua, akasema, "Upepo unaanza, ba Mwalimu. Twende nikurudishe."