Maji Uliyoyabeba Nguruman

Mtaa wa Tena, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Baba Nekesa,

Nimekaa mezani na sijavua hata nguo za kanisani. Miguu inaniuma kama ya mtu aliyetembea, ilhali aliyetembea jana ni mwanao. Nekesa alikwenda Magadi. Nimeona afadhali nikuambie mwenyewe, kwa utaratibu, kabla wiki haijaanza. Wiki ikianza kiwandani sipati akili ya kuandika zaidi ya ile mistari miwili ya shajara uliyokuwa ukiichekelea.

Ulikuwa fundi wa mitambo kule kiwanda cha magadi, na sisi tulikuona mwisho wa mwezi tu. Ulikuja na vumbi jeupe kwenye mishono ya viatu. Majirani wetu waliotoka magharibi kama sisi walikuwa wakikungoja mlangoni, si kwa mapenzi, bali kwa lile fungu la magadi la kupikia mrenda. Ulikuwa ukiwagawia huku unawaambia, "Mnakula tu, hamtaki hata kujua inatoka wapi." Wao walicheka wakaenda zao. Wewe hukuwa unatania. Ulitaka watu waione ile nchi.

Mimi sikuelewa. Tulihama Bungoma kwa sababu ya kutembea: kutembea kwenda mtoni, kutembea kwenda shule, kutembea kwenda zahanati na mtoto mgongoni. Nilipopata nyumba yenye mfereji Tena nilidhani kutembea kumekwisha. Halafu siku moja unaniambia, "Mama Nekesa, Jumamosi tunakwenda kutembea." Nikakuuliza kwenda wapi. Ukasema, "Kutembea tu." Nikafikiri jua la kule limekupanda kichwani.

Aliyekusaidia kuufanya wazimu huo uwezekane ni Mzee Halake. Lori lake lilikuwa likiteremka Umasaini tupu kila Jumamosi kuchukua mbuzi wa kuchinjwa Kiamaiko, naye akakubali kutubeba. Aliliosha kwa sabuni ya unga na bado lilinuka beberu. Tulikuwa kumi na kitu, walimu, washonaji, na mimi wa kiwanda cha mablanketi. Vijana wa mtaa walisimama getini kutuaga kwa matusi ya upendo.

"Niaje wazungu wa Tena! Jua la hapa limewaishia?"

"Mkipata simba mwambieni bado namdai!"

Mzee Halake akatoa kichwa dirishani. "Nyinyi chekeni. Mimi mbuzi yangu imetoka Marsabit kwa miguu, na haijawahi kuniuliza tunafika saa ngapi."

Nakumbuka mara ya kwanza nilipoliona Ziwa Magadi. Nilitafuta maji, nikaona sakafu. Nyeupe, na mahali pengine rangi ya fizi za mtoto, na mtambo wenu unaelea katikati ukikwangua magadi. Ulituvusha kwa ile barabara ya tuta hadi ng'ambo, ukatupitisha kwenye chemchemi za maji moto, tukachovya miguu, flamingo wakituangalia kama wageni waliokuja bila kualikwa. Mbele yetu ukuta wa milima ya Nguruman ulikuwa wa buluu. Nilikuwa wa mwisho siku ile, na siku zote zilizofuata nilikuwa wa mwisho. Hukunihimiza hata mara moja. Ulirudi nyuma ukatembea nami, ukinionyesha mgunga huu, jiwe lile, alama za kwato za punda milia, mpaka nikasahau kuona aibu.

Na wewe ndiwe uliyebeba ule mtungi.

Ulitueleza kwamba mlikuwa na desturi hiyo kazini. Mlipotoka kwenda kufanya kazi juu ya magadi, kila mtu alikuwa na maji yake, na juu ya hayo kulikuwa na mtungi mmoja usiofunguliwa mpaka mtu wa mwisho amerudi nchi kavu. Ukaileta desturi hiyo kwetu. Mtungi mdogo wa plastiki uliokuwa wa mafuta ya kupikia, umefungwa kifuniko kwa uzi. Aliyetangulia kufika hafungui. Aliyechoka hafungui. Unafunguliwa kwenye lori, wote wakiwa wamehesabiwa, na anayeanza kunywa ni aliyefika mwisho. Kwa hiyo nilikuwa nikianza mimi. Mlinipigia makofi kila mara, na Mzee Halake akisema, "Malkia amefika, sasa tunaweza kuishi." Sijui kama nimewahi kuheshimiwa namna hiyo mahali pengine popote.

Nimeandika haya ili ujue kwamba sijasahau uzuri wake. Sasa niandike lile jingine.

Jumamosi ile ya mwisho mimi nilikuwa na zamu. Mlikwenda bila mimi. Wafula, jirani yetu wa nyumba ya pili, alikuwa amevaa viatu vipya, vikamkata. Akakaa chini ya mti. Wafugaji wakampitia, wakamwonyesha njia ya ng'ombe inayotokea barabarani, akaifuata, akapata pikapu, akafika kwenye lori kabla yenu wote. Hakuna aliyejua. Mlipohesabiana kule juu Nguruman mkakuta hayupo, ukawaambia wengine wateremke, ukarudi peke yako kumtafuta. Maji yako yalikuwa yamekwisha. Ulikuwa na mtungi.

Walikukuta jioni umeegemea jiwe, kofia magotini. Daktari alisema ni joto. Mzee Halake ndiye aliyeniletea habari. Alisimama mlangoni na mtungi mkononi, hakujua auweke wapi. Nikauchukua. Ulikuwa mzito. Uzi ulikuwa bado umefungwa, fundo lako lile lile.

Baba Nekesa, nilikuzika na nilikulilia, watu waliona. Ambacho hawakuona ni kwamba niliposimama kaburini nilikuwa nataka kukutikisa mabega. Mchungaji alihubiri juu ya mtungi ule. Rafiki zako walisimama mmoja mmoja wakasema, hakunywa, hakunywa, kama kiitikio. Akina mama wa ukoo wako walinishika mikono wakaniambia nina bahati kuolewa na mtu wa namna hiyo. Nikaitikia, "Ni kweli." Kisha nikarudi Tena na mtoto wa darasa la tano, nikaingia zamu, na tangu hapo nimekuwa nikiingia zamu.

Watu huniuliza mbona nimechoka hivi. Nasema kazi. Wanaamini, kwa sababu kazi ipo.

Kwa miaka hiyo yote kundi lako halikuvunjika. Walitembea Ngong, walitembea Ol Donyo Sabuk. Magadi hawakuthubutu. Nekesa alianza kwenda nao alipoingia kidato cha kwanza, na sikumkataza, kwa sababu ana mwendo wako na kumfungia ndani ni sawa na kufungia upepo. Lakini mwezi uliopita walikuja nyumbani, Mzee Halake na Wafula, wamevaa vizuri mno kwa ziara ya kawaida. Nikajua wana neno. Nikawapikia chai, nikawaacha wahangaike nalo.

"Shemeji," Mzee Halake akaanza, "hawa watu wanataka kwenda Magadi. Mpaka Nguruman kabisa. Wanasema imetosha kuogopa."

"Nendeni," nikasema. "Barabara si yangu."

"Na Nekesa."

"Na Nekesa."

Mzee Halake akatazama kikombe. "Tena tumekubaliana, wallahi kwa heshima tu, kwamba mtungi abebe yeye. Hiyo maji ya mwisho. Ni haki yake, ya baba yake."

Nekesa alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Niliona uso wake umewaka. Alikuwa amekwisha kuambiwa, na alikuwa amekwisha kukubali. Kama ungeuona uso ule ungejivuna. Mimi niliogopa. Maana nilijua kwa hakika, kama ninavyojua jina langu, kwamba mtoto huyu akipewa mtungi ule atafanya ulivyofanya. Atapotea, au mtu atapotea, naye atakaa chini na maji mapajani na hatayafungua. Si kwa ujinga. Kwa sababu yako.

Nikasema, "Ataenda. Lakini sheria hiyo haiendi naye."

"Sheria gani, shemeji?"

"Ya kutofungua. Mtu yeyote akiwa na kiu, anakunywa. Yeye kwanza. Mkikataa, hatoki mlango huu."

Mzee Halake akaweka kikombe chini kwa sauti. "Mama Nekesa, hiyo sheria ndiyo Baba Nekesa mwenyewe. Ukitoa hiyo, tunabaki na nini? Tunabaki na watu wanatembea juani kama wendawazimu."

"Mlikuwa wendawazimu tangu mwanzo," nikamwambia. "Nimewapenda hivyo hivyo. Lakini nilioa mtu, sikuoa mtungi."

"Uliolewa, Mama," Nekesa akanirekebisha kutoka mlangoni, na sote tukakaribia kucheka, lakini hatukucheka. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Baba angekunywa, watu wangesemaje?"

"Wangesema habari za asubuhi, Baba Nekesa. Angekuwa hapa wamsalimie."

Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza bei za mahindi. Wafula alikuwa hajasema neno tangu aingie. Unajua Wafula alivyo mpiga domo, kwa miaka yote hiyo akinipita ngazini husema jambo la kuchekesha halafu hukimbia. Siku hiyo aliongea akiangalia zulia.

"Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mwisho," akasema. "Maji yale yalikuwa yangu. Na nilikuwa kwenye lori nakunywa chai, shemeji. Sikuwa hata na kiu."

Mzee Halake akamwambia, "Wafula, hakuna mtu amekulaumu."

"Najua. Ndiyo maana nasema. Kila mwaka mnasimama mnasema aliinyima nafsi yake maji kwa ajili yangu. Mnanifanya niwe deni. Angekunywa." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Angekunywa tu, jamani."

Nilimwongezea chai. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu ninayekukasirikia, kumbe kulikuwa na mwingine ukuta wa pili.

Mzee Halake aliacha chai yake ikapoa. Alipoinuka alisema tu, "Sawa. Mtoto ni wako." Lakini hakuniangalia, na nilijua hajakubali.

Jana waliondoka mapema. Vijana wa getini ni wengine sasa, matusi ni yale yale. Nilikataa kwenda nao. Mzee Halake aliniambia nafasi ipo mbele, kando yake, nikamwambia magoti hayataki. Nilikwenda Kiamaiko nikanunua matumbo, nikayaosha, nikayapika, nikapiga pasi, nikapiga pasi tena nguo zilizokwisha kupigwa. Jua lilipokuwa kali hapa nilijua kule linachemsha mawe. Niliomba. Nilichoomba si kwamba asipotee. Niliomba kwamba asikufanane, angalau kwa siku moja. Unisamehe, au usinisamehe, ndivyo nilivyoomba.

Lori lilirudi na mbuzi wao wakilia na watu wao wakiimba. Nekesa aliteremka mwekundu wa vumbi, midomo imepasuka. Alikula matumbo yote kabla ya kusema neno. Halafu akaniambia.

Walifika mahali pale. Mzee Halake aliwaonyesha jiwe. Wote wakavua kofia, wakasimama, na kila mtu akawa anamwangalia yeye na ule mtungi mgongoni. Alikuwa na kiu, akasema, lakini si kiu ya kufa, kiu ya kawaida tu, angeweza kungoja mpaka barabarani. "Hapo ndipo ilikuwa ngumu, Mama. Kama ningekuwa nakufa ingekuwa rahisi." Akakata uzi kwa meno. Akanywa. Mzee Halake akageuka akatazama upande wa ziwa, kama mtu aliyepita akakuta binti anaoga.

"Nikadhani amenikasirikia," Nekesa akasema. "Kisha akanyoosha mkono, bado amenigeuzia kisogo. Akasema, 'Leta na mimi.' Akanywa, Mama, akanywa mpaka ikamwagika kwenye kanzu. Akampa Wafula. Wafula alikunywa huku analia. Tulimaliza yote pale pale. Njia ya kurudi hatukuwa na maji ya mwisho, tukatembea karibu karibu, hakuna aliyekubali mwenzake abaki nyuma."

Nilimuuliza kama aliogopa. Akasema, "Kidogo. Palikuwa pazuri sana, lakini. Mbona hukuniambia ni pazuri hivyo?"

Nilikuwa nimesahau kwamba swali kama hilo linaweza kuulizwa.

Anataka kurudi Desemba. Nimemwambia aende, na nimemwambia huenda nami nitakwenda, nitembee nyuma pole pole, wakitaka kunihesabu wanihesabu. Sijui kama nitafanya hivyo. Magoti ni kweli hayataki.

Lakini leo kanisani, wakati wa maombi ya marehemu, jina lako lilitajwa, na nikangoja ile hasira inayonipandaga kifuani. Haikuja. Nilingoja mpaka amina. Nikabaki nimekaa na uchovu mtupu, uchovu wa kawaida, ule ambao mtu akilala unapungua.

Kwa hiyo nakwenda kulala mchana huu, Baba Nekesa, jambo ambalo sijalifanya tangu ulipoondoka. Nawe lala.

Mkeo,
Mama Nekesa