Mkono wa Bwana Taratibu

Jumatatu, 1 Machi 1954
Saa kumi na mbili asubuhi, visikizi vya redio masikioni kama kawaida. Mvua imekatika, hewa safi. Nimepata meli, nimepata Nairobi, nimepata mtu wa Bombei anayejisifia waya wake mpya. Raha tupu. Dunia nzima inasalimiana kwa nukta na vistari, nami nimesimama nje ya harusi nasikia ngoma. Miaka ishirini na minane nilikuwa karani wa simu za telegramu stesheni, Tabora mjini. Nimestaafu, nimerudi kwetu mlimani juu ya kijiji cha Choma, na ruhusa niliyo nayo ni ya kusikiliza tu. Ya kutuma nimeiomba tangu mavuno. Kimya.

Mke wangu, Mama Jeremia, analalamika waya wangu wa kunasia mawimbi umemnyima paa la kuanikia majani ya kunde.

Alhamisi, 4 Machi
Betri imekufa. Nimeteremka nayo Ziba kwa baiskeli, wakaichaji kwenye mashine ya kusaga. Mgongo hoi.

Mtambo wa kutuma uko tayari. Nimeuunda mwenyewe, uko uvunguni, nimeufunika khanga. Imebaki karatasi. Wakubwa wanataka mkuu wangu wa zamani athibitishe kwamba kazi naijua. Bwana Taratibu, ndivyo tulivyomwita, kwa jinsi alivyotuma polepole. Naye kastaafu, yuko Lushoto na mtambo wake. Alipoletwa Tabora hakuweza kupokea hata jina la kijiji. Nilimfundisha mimi, mchana, Wazungu wenzake wamelala, mlango tumeufunga ili wasimwone. Ataachaje kuniandikia?

Jumamosi, 13 Machi
Nimemsikia. Kabla hajajitaja nilishamjua kwa mkono wake, namna anavyogonga herufi. Kistari cha mwisho anakiburuta kama mguu wenye funza. Nilimkanya mara mia.

Alikuwa anazungumza na Mzungu mwenzake wa Nairobi. Nikaandika herufi kwa herufi, mazoea tu. Penseli ikafika kwenye jina langu. Karani wangu wa zamani ameomba kibali cha kutuma, alisema. Sikio zuri sana. Lakini siku hizi Mwafrika mwenye mtambo, nani ajuaye atasema na nani? Nimewaandikia wasimpe.

Mwenzake akajibu kwamba amefanya busara.

Karatasi nimeisoma mara nne. Mwandiko wangu mwenyewe. Uji umenishinda.

Jumanne, 23 Machi
Katekista amepanda na barua. Shikamoo baba, serikali imekukumbuka. Marahaba. Nikaifungua mbele yake, nikajifanya sijui kilichomo. Ombi limekataliwa. Pamoja nayo kuna barua ya Bwana Taratibu: anasikitika, amejaribu kila njia, wakubwa ni wagumu. Amemalizia, rafiki yako.

Mama Jeremia anasema huyo ni mtu mwema, tumpelekee karanga. Uongo ni wake, aibu naiona mimi. Namchukia. Sikujua kama ningeweza kumchukia mtu niliyemshika mkono kumfundisha.

Jumapili, 4 Aprili
Sikwenda misa. Mtambo wa Bwana Taratibu umeharibika, sauti inatoka hafifu. Siku ya tatu leo anaita na hakuna anayemjibu, si Nairobi, si meli. Nadhani sauti yake inafika mlimani kwetu tu. Nimeutoa mtambo wangu uvunguni, nikauunga kwenye betri. Kidole juu ya kibonyezo. Ningetuma neno moja tu, mkono wako naujua, angejua nilimsikia, angetetemeka kwenye kiti chake. Nami ningefungwa kwa kutuma bila ruhusa. Nilikaa hivyo mpaka Mama Jeremia aliporudi kutoka kanisani.

Ijumaa, 9 Aprili
Asubuhi tulivu. Anaita bado. Anauliza kama yupo mtu yeyote anayemsikia. Kistari cha mwisho leo kakikata vizuri, kifupi, kama nilivyomfundisha.

Nimempata kila herufi. Ruhusa ya kumjibu sina.

Nikavua visikizi, nikaushusha waya. Nimemwambia Mama Jeremia paa ni lake, aanike. Kisha tukaenda kung'oa karanga.