Darubini ya Mwanabibi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ayaonaye yaliyo mawinguni na yaliyo ardhini.

Mpwa wangu Idrisi, assalamu alaykum. Hapa Kinoru tu salama, mvua imenyesha, na bucha inaendelea.

Umeniuliza tumchagulie mke wangu Mwanabibi darubini ipi: ile ndogo, au ile kubwa inayoonyesha hadi herufi chini ya bawa la ndege. Tangu ndege ya kubebea miraa aliyoirusha mwanangu Yahya ianguke Somalia, nasi tusipate mwili wa kuzika, Mwanabibi hutoka uani kila asikiapo mngurumo. Jana aliniita, "Mzee, njoo! Hii si ya mwanao?" Nikamjibu kwamba imeelekea Isiolo. Akacheka. "Basi anakwenda kupakia. Atakula akirudi." Akamfunikia sahani yake, ndipo naye akala.

Herufi za ndege ile iliyoanguka amezihifadhi kama Alhamdu. Akiweza kusoma za kila ndege ipitayo, ataona kwamba hakuna iliyo ya Yahya, na nachelea hatakula tena.

Nunua ile ndogo.

Mwenyezi Mungu anihukumu kwa rehema, na awarudishe wanao nyumbani kila jioni.

Mjomba wako,
Mbarak