Kwa Shangazi, Kuhusu Roboti na Matundu Matano

Shangazi yangu Mwajuma,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, ila sijawahi kuanza kusema na wewe kwa neno jingine.

Nakukumbuka kwenye mgahawa wako pale Mikumi, kando ya barabara kuu, madereva wa malori wakigombea wali wako wa maharage. Hapo ndipo ulipotulea, mimi na mdogo wangu Rajabu, baada ya baba kufariki. Mwaka wako wa mwisho ulikuwa unajipakulia, unakula matonge matatu, kisha unanisogezea sahani. "Malizia wewe, mwanangu. Harufu ya kupika imeshanishibisha." Nami nilimalizia, tena kwa furaha. Ulipokubali kwenda hospitali, kansa ya tumbo ilikuwa imeshasambaa. Ukatuapisha tuwaambie watu ni vidonda vya tumbo. Tukasema hivyo hata msibani.

Mwaka huu, hapa Kilosa ninakofundisha, nami nikaanza kushiba kwa matonge matatu. Nilijidanganya wiki mbili, kisha nikapanda basi la Morogoro. Wakanipitisha kamera kooni hadi tumboni, wakachukua kinyama cha kupima. Majibu yakaja: kansa, ila changa, bado iko kwenye utando wa ndani. Nilipotoka nje sikukumbuka stendi iko upande gani.

Binti yangu Zuhura, mtu mzima sasa, nilimwambia ni vidonda. Neno lilinitoka lenyewe, kama ulivyokuwa ukilisema wewe.

Ukweli nilimwambia Rajabu, aliyeko Uarabuni. Akaanza kunitumia video za roboti wa upasuaji, akitaka niende India. Daktari anakaa pembeni anachezesha vishikio, mikono ya roboti inakata. "Mashine haitetemeki, dada. Mkono wa mtu unatetemeka." Maneno hayo yaliniingia. Kila nilipoandika ubaoni niliutazama mkono wangu.

Dar es Salaam, nilikopewa rufaa, nilikutana na daktari wa upasuaji, mama wa makamo. Nikamuuliza kama mkono wake unatetemeka. Hakuchukia. Alinichorea tumbo kwenye karatasi, akanieleza kwamba njia zote mbili, ya roboti na ya mkono wake, hupitia matundu madogo, na zote huondoa kipande kilekile pamoja na tezi za jirani. Roboti humrahisishia daktari kupindisha vifaa mahali pembamba, ila mara nyingi operesheni huchukua muda mrefu zaidi. Kwa ugonjwa mchanga kama wangu, hakuona sababu ya kusubiri safari. "Unatetemeka kidogo, kama wa kila mtu," akasema. "Lakini kazi hii nimeifanya miaka mingi, na nitakuwa naona kila ninachokata."

Nikamchagua yeye. Rajabu aliposikia akakata simu, wiki nzima asipige. Nikawa najiuliza kama nimechagua kifo kwa ukaidi.

Asubuhi ya operesheni, nikiwa nimeshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, niligundua nimekukasirikia, Shangazi. Uliumwa kimya kwa muda gani? Kisha nikamwona Zuhura mlangoni ameshika kanga yangu, anaamini natibiwa vidonda. Nikamwita. Nikamwambia ni kansa, na kwamba hata wewe, Shangazi, ilikuwa kansa. Hakulia. Aliuliza tu, "Na mimi nipime lini, mama?" Hapo wakanisukuma ndani.

Matundu matano ya operesheni yamepona. Tezi walizopima zilikuwa safi. Rajabu alipiga, akauliza ninakula nini. Nakula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na kila tonge likichelewa kushuka moyo unanidunda. Nikikaribia siku ya kliniki silali vizuri. Daktari alisema woga huo utapungua. Bado haujapungua.

Kiapo chako nimekivunja, Shangazi, na barua hii ni ya wazi, hata waliokuwa wakila kwako Mikumi waisome. Nisamehe. Keshokutwa nampeleka Zuhura Morogoro kupimwa tumbo kwa kamera. Yeye ataingia, na mimi ndiye nitakayekaa kwenye benchi kusubiri.

Mtoto wa kaka yako