Moja ya Placide Niliyoisoma Saba

Bellevue,
Johannesburg.
Jumapili, 9 Septemba 2018

Kwa dada yangu mpendwa Mwatumu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Bakiri na watoto, na kwamba goti la mama limepoa tangu mlipompeleka kwa yule mkandaji wa Ngamiani. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya mwaka huu imenipasua midomo. Nakula, nalala, naamka.

Utashangaa mtu kuandika barua zama hizi. Dada, simu yako ikilia tu mama anasema weka spika nami nimsikie mwanangu. Haya nisemayo si ya spika. Naseeb, jirani yangu hapa, anapanda basi keshokutwa kuja huko, nami nimemwambia akupe wewe mkononi, si mtu mwingine.

Kwanza hongera zako nilizipata. Nimesikia pia kuwa siku ya Idi mama aliutangazia mtaa mzima kwamba Mselem sasa ni fundi wa bunduki kwa Makaburu. Lo! Kwa mama yetu, ukiajiriwa kufagia ikulu umeshakuwa waziri. Ngoja nikueleze cheo hicho nimekipataje.

Nilikwambia nafanya kazi Randburg, kwa mzee mmoja Kaburu aitwaye Hennie, ambaye sote twamwita Oom, yaani mjomba kwa lugha yao. Anaunda bunduki za kulengea shabaha ya mbali, hata kilomita nzima, za watu wa mashindano. Yeye mwenyewe haui hata kanga. Kazi yangu ilikuwa useremala uleule: kuchonga vitako vya bunduki, kuvipiga msasa, kuvipaka mafuta. Baruti nilikuwa siigusi.

Wa baruti alikuwa Placide, Mkongo wa Bukavu, na ndiye aliyenitafutia kazi hii. Kila bunduki mpya ina tumbo lake, risasi za dukani haiziwezi sawasawa. Basi Placide huyachukua maganda yaliyokwisha kupigwa, huyasafisha, hutia fataki mpya ya kuwashia baruti, hupima baruti kwenye mizani punje kwa punje, kisha hukaza kichwa cha risasi juu. Anatengeneza tano za kipimo hiki, tano za kipimo kile, Oom anakwenda kuzipiga kwenye karatasi. Pale matundu yanapokaa pamoja, hicho ndicho kipimo cha bunduki hiyo, na Placide anakiandika kwenye daftari. Kazi ya subira, dada. Wewe isingekuweka hata asubuhi moja.

Mwezi wa saba Oom alikuwa akijiundia bunduki yake mwenyewe. Kipimo kikapatikana, punje arobaini na moja, maana punje ndio uzani wao wa baruti. Alhamisi Placide akaniita pembeni: kesho yake lazima aende Pretoria kupanga foleni ya karatasi zake za ukimbizi, na Oom anataka risasi ishirini za Jumamosi. Akanionyesha mizani, akaniachia daftari. "Ndugu yangu, ufuate tu nilichoandika." Na Oom asijue.

Sasa sikiliza. Wakongo wamefundishwa kuandika moja kama Wafaransa, ina pua ndefu inayoshuka mbele karibu ifike chini. Saba yao wanaifunga mkanda kiunoni. Nilikuwa naijua habari hiyo, tulishamtania Placide mpaka akachoka. Lakini Ijumaa ile nililifungua daftari nikasoma arobaini na saba.

Baruti ilijaa hadi shingoni mwa ganda. Nikagongagonga itulie, nikakandamiza kichwa cha risasi, kikaingia kwa taabu. Nilijiuliza, wallahi nilijiuliza, halafu nikaona kumpigia Placide ni kumsumbua kwenye foleni yake. Nikazimaliza zote ishirini.

Jumamosi Oom alifyatua moja tu. Bunduki ilipasuka kwa nyuma, pale shavu linapolala. Jicho lake la kulia halipo tena, naye ni mtu aliyeishi kwa kulenga.

Wiki ya tatu akarudi karakana, uso umefungwa bandeji. Akalifungua daftari mbele ya Placide, akaweka kidole. Kwake naye ilikuwa arobaini na saba, maana watu wa huku hawaijui moja yenye pua. Placide akasema, "Oom, hiyo ni moja." Oom akamwuliza, kama ni moja, mbona ulijaza saba? Placide akanitazama. Mimi nilikuwa na kitako mapajani na msasa mkononi. Nikaendelea kupiga msasa.

Placide akachukua koti lake akaenda zake. Baada ya siku mbili Oom akaniambia mikono yangu imetulia, nikae kwenye kigoda cha mizani. Nikakaa. Hicho ndicho cheo, dada.

Nikikwambia nilijuta nitakuwa nakudanganya. Sikuhisi kitu. Nilikufa ganzi, mwili mzima. Napima, naandika, napanda taksi, ndizo daladala za huku, narudi. Mtaa wote wa Yeoville unasema yule Mkongo amemtoa mzungu jicho kwa uzembe, hapati kazi hata ya ulinzi. Wanayasema hayo kwa kinyozi, nami nimeinamisha kichwa nanyolewa.

Jana nikaenda kwake. Mkewe Murielle akanipokea vizuri, akaniandalia ugali na sombe, yaani kisamvu chao, kama siku zote, kwa sababu Placide hajamwambia. Nilikula nikamaliza, hebu fikiria uso mkavu huo. Alipotoka kwenda kumsuka mteja, nikasema, "Placide, nilisoma saba."

"Najua," akasema. "Nilijua mbele Oom hajafunga daftari."

Nikamwuliza mbona hakunitaja.

"Nilikuwa nakungojea wewe. Nilikungojea mpaka mlangoni. Nikakungojea na kwenye stendi, nikaacha taksi mbili zipite."

Hapo ganzi ikaanza kutoka, dada, na unajua ganzi ikitoka inavyochoma. Nililia kwenye sahani ya watu.

Tumekubaliana kesho twende pamoja kwa Oom, niseme mwenyewe. Anaweza kuita polisi, nami karatasi zangu unazijua zilivyo. Anaweza kutufukuza wote wawili. Placide anasema yeye anachotaka ni jina lake tu, kazi Mungu atampa nyingine.

Nisalimie shangazi Tabia, na Mayasa mwambie mjomba wake hajasahau siku yake ya kuzaliwa. Mama mbusu mkono kwa niaba yangu. Mola awafunike kwa kheri, na akupe wewe moyo wa kunisamehe.

Jana nilipokuwa natoka, Placide alinisindikiza mpaka getini. Kasema atakuwa stendi saa kumi na mbili asubuhi, na safari hii taksi ya kwanza ikija anapanda. Niombee dua, dada, miguu yangu siiamini.

Ndugu yako akupendaye,
Mselem